Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutembelea Nyumba ya Karen Blixen na Kujifunza Historia ya Shamba Lake la Kahawa

Makumbusho ya Karen Blixen, kusini-magharibi mwa Nairobi, ni nyumba ya mlowezi iliyobaki baada ya shamba la kahawa lililoizunguka kuuzwa na kukatwakatwa viwanja. Maswali yafuatayo huulizwa sana na wageni wanaozungumza Kiswahili, wakiwamo walimu wanaopeleka wanafunzi. Majibu kuhusu nyumba ni mafupi, kwa kuwa mengi utaelezwa ukiwa pale pale. Majibu kuhusu ardhi na wafanyakazi ni marefu kwa makusudi, maana hayo ndiyo mgeni anaweza kuondoka bila kuyasikia.

Nyumba ilijengwa na nani, na Karen Blixen alikuwa nani?

Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi. Karen Dinesen, mzaliwa wa Denmark wa mwaka 1885, alishuka Mombasa Januari 1914 na mwezi huo huo akafunga ndoa hapo na Bror von Blixen-Finecke, kabaila wa Kiswidi. Fedha za shamba zilitoka kwa jamaa zake Karen waliounda kampuni ya hisa, na ndiyo maana jina Karen lilikuwa jina la kampuni kabla ya kuwa jina la mtaa. Wawili hao walihamia katika nyumba hii mwaka 1917. Mwaka 1921 usimamizi uliondolewa mikononi mwa Bror, akakabidhiwa Karen. Ndoa yao ilivunjwa rasmi mwaka 1925. Yeye aliendelea na shamba hadi mwaka 1931, liliposhindikana kabisa, akarudi kwao Denmark, akawa mwandishi, na kitabu alichokitoa mwaka 1937 kuhusu maisha yake ya hapa kikasomwa duniani kote. Alifariki mwaka 1962. Mgeni hana budi kukumbuka tangu mwanzo kwamba sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu shamba hili imetoka katika kalamu ya mwenye shamba.

Je, shamba lenyewe bado lipo?

Halipo. Aliyelinunua mwaka 1931 aliligawa viwanja vya makazi, na leo Karen ni mtaa wa nyumba kubwa, ua mrefu na miti ya kivuli. Kilichohifadhiwa ni nyumba, bustani yake, na baadhi ya mitambo ya zamani iliyowekwa chini ya miti. Anayetarajia kuona safu za mibuni zinazofika hadi chini ya Milima ya Ngong atasikitika. Hata hivyo milima yenyewe inaonekana vizuri siku isiyo na mawingu, na kutoka kwenye nyasi za mbele unaweza kukadiria ukubwa wa eneo lililokuwa chini ya mtu mmoja. Mwenyewe aliandika kwamba lilikuwa na ekari 6,000, ambapo ekari 600 tu zilipandwa kahawa, kama ekari 1,000 zilikuwa mashamba ya maskwota (Waafrika walioishi na kulima ndani ya shamba kwa malipo ya kazi), na nyingine zilikuwa msitu na malisho.

Ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya walowezi?

Hapa ndipo ninapomwomba mgeni atulie, kwa sababu vipeperushi vingi huanza hadithi mwaka 1912, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa patupu. Eneo la Dagoretti na Ngong lilikuwa mpakani: upande wa kaskazini walikuwako Wakikuyu waliolima na kumiliki ardhi kwa koo, na upande wa kusini palikuwa malisho ya Wamaasai. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi hiyo ilipigwa na ndui, maradhi ya ng'ombe na njaa kali, watu wakafa na wengine wakahama kwa muda. Waingereza waliokuja na reli wakaiona ardhi iliyopungua watu, wakaihesabu kuwa haina mwenyewe.

Sheria ya Ardhi ya Serikali ya Kifalme ya mwaka 1902 iliruhusu walowezi wapewe ardhi kwa kukodishwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda huo hadi miaka 999. Kwa sheria hiyo ya pili, Mwafrika aliyekaa juu ya ardhi ya babu zake alikuwa huko kwa hisani ya serikali. Wamaasai nao walihamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyotiwa saini na wazee wasiokuwa na nguvu ya kukataa, wakabanwa katika hifadhi ya kusini. Mto Mbagathi uliopita kando ya shamba la Karen ulikuwa ndio mpaka wa hifadhi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyesimama barazani mwaka 1920 akitazama kusini alikuwa akiitazama nchi ya watu waliokwisha kusogezwa mara mbili.

Waliofanya kazi shambani walikuwa watumwa?

Hawakuwa watumwa kisheria. Mashamba ya watumwa katika nchi zetu yalikuwa hasa ya mikarafuu Unguja na Pemba, na ya nafaka na minazi pwani ya Malindi na Mombasa, na utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya walowezi wa bara yalikuja na mfumo mwingine, ambao mgeni anastahili kuuelewa vizuri kwa sababu haukuacha minyororo ya kuonyeshwa kabatini.

Mfumo huo ulianza na kodi. Tangu mwaka 1901 kila nyumba ya Mwafrika ilitozwa kodi ya fedha taslimu, na kwa watu waliokuwa na mbuzi, ng'ombe na nafaka lakini wasio na rupia, njia ya karibu ya kuipata rupia ilikuwa kwenda kumfanyia kazi mlowezi. Kisha kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 aliandikishwa, akachukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi iliyowekwa ndani ya kijaluba cha chuma alichotakiwa kuwa nacho kila aendako, mara nyingi kikining'inia shingoni. Katika karatasi hiyo mwajiri aliandika siku mtu alipoanza kazi, mshahara wake, na siku alipoachiwa. Asiyeandikiwa kwamba ameachiwa hakuweza kuajiriwa kwingine, na aliyetoroka alitafutwa na polisi na kushtakiwa kama mhalifu. Mtu huyo alilipwa mshahara na hakuna aliyemnunua sokoni. Lakini kuacha kazi kwa hiari yake lilikuwa kosa la jinai.

Upinzani haukuchelewa. Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kupunguza mishahara kwa theluthi moja, Harry Thuku, karani wa Nairobi, aliwakusanya vijana kupinga punguzo hilo, kodi na kipande. Alikamatwa Machi 1922. Umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi ukapigwa risasi, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakemea wanaume waliokuwa wakianza kuondoka. Haya yalitokea mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka barazani mwa nyumba unayoitembelea, wakati mwenye nyumba akiwa anahesabu mavuno.

Skwota alikuwa nani hasa?

Skwota alikuwa Mwafrika aliyeruhusiwa kuishi na jamaa yake ndani ya shamba la mlowezi, alime ekari chache na kufuga, na badala yake afanye kazi idadi fulani ya siku. Sheria ya mwaka 1918 iliweka kiwango cha chini kuwa siku 180 kwa mwaka. Wengi katika shamba hili walikuwa Wakikuyu, na baadhi yao walizaliwa hapo hapo kabla mlowezi yeyote hajafika, kwa hiyo walijikuta wakiomba ruhusa na kulipa kwa jasho ili waendelee kukaa nyumbani kwao. Karen Blixen mwenyewe aliliona jambo hilo na kuliandika waziwazi: alikiri kwamba huenda wao walimwona yeye kuwa ndiye skwota mkubwa. Ni kauli ya uungwana, nami naiheshimu. Lakini aliyekuwa na hati alikuwa yeye.

Kazi ya kahawa ilifanyikaje?

Mgeni akifika penye mitambo ya zamani uani, na ajaribu kuirudishia watu wake. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa, na muda wote huo palihitajika kulima, kupalilia na kupogoa. Buni zilipoiva na kuwa nyekundu, wanawake na watoto waliitwa wajiunge na wanaume kuchuma, wakibeba vikapu hadi kwenye mikokoteni. Kiwandani, karibu na mto, buni zilimenywa, zikalowekwa zichachuke, zikaoshwa ute, kisha zikaanikwa au kukaushwa katika pipa kubwa la chuma lililozungushwa juu ya moto. Kazi hiyo ya kukausha ilikwenda hadi usiku wa manane kwa mwanga wa kandili, kwa sababu kahawa iliyopita kiwango huungua na isiyokauka huoza. Baada ya hapo ilikobolewa, ikachambuliwa kwa mkono, ikashonwa ndani ya magunia, 12 kwa tani moja, na kabla ya alfajiri magari ya kukokotwa, kila moja na maksai 16, yalipanda kilima kuelekea stesheni ya Nairobi. Mizigo ilisafirishwa hadi Mombasa na kuuzwa London.

Fundi wa chuma kiwandani alikuwa Mhindi, Pooran Singh. Msimamizi wa nyumba na mambo ya fedha za kila siku alikuwa Msomali, Farah Aden. Waliokuwa shambani ni Wakikuyu. Kila kundi lilikuwa na mshahara wake na mahali pake pa kulala, na mpangilio huo wa rangi na kabila ulikuwa ndio mpangilio wa koloni zima.

Kwa nini shamba lilishindwa?

Sababu kubwa ni mahali penyewe. Shamba liko juu ya futi 6,000 kutoka usawa wa bahari, upepo wa milimani ni baridi, na mvua, hasa katika miaka ya ukame, haikutosha kwa kahawa. Mibuni ilichanua vizuri kisha ikazaa kidogo. Kiwanda kiliungua moto, deni likaongezeka, na bei ya kahawa ikaporomoka pamoja na uchumi wa dunia baada ya mwaka 1929. Kwa kifupi, kampuni ilipanda zao zuri mahali pasipolifaa.

Je, Waafrika waliruhusiwa kulima kahawa yao wenyewe?

Kwa muda wote ambao shamba hili lilikuwa hai, hawakuruhusiwa. Wamisionari Wakatoliki walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893, na walowezi wakaifanya kuwa zao lao. Sababu zilizotolewa za kuwazuia Waafrika zilikuwa magonjwa ya mimea na ubora, ila hofu kubwa ilikuwa kwamba mkulima mwenye kahawa yake asingeenda kuchuma ya mwingine. Majaribio madogo yaliruhusiwa Kisii, Meru na Embu katikati ya miaka ya 1930, na mlango ulifunguliwa kweli baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954. Wanawake waliochuma hapa walishika buni mikononi msimu baada ya msimu, na sheria haikuwaruhusu kupanda hata mche mmoja nyuma ya nyumba zao.

Shamba lilipouzwa mwaka 1931, maskwota walikwenda wapi?

Mnunuzi aliitaka ardhi ikiwa tupu, na sheria ilimpa haki ya kuwaondoa. Ombi la wakazi lilikuwa kwamba, kama ni lazima kuondoka, wahamishwe wote pamoja mahali pamoja na mifugo yao, wasitawanywe. Karen Blixen alitumia miezi yake ya mwisho akizunguka ofisi za serikali kuwaombea, na hatimaye walipewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Wapo wanaotaja jambo hili kama ushahidi wa wema wake, nami sina ubishi na wema huo. Ninachoomba kionekane ni kwamba watu walioishi mahali kwa vizazi walihitaji mgeni awabembelezee serikali ya wageni ili wapate pa kuweka vichwa vyao.

Nyumba ilipataje kuwa makumbusho?

Ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa hadi serikali ya Denmark ilipoinunua na kuipa Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru. Ardhi hiyo ikawa chuo cha lishe, na nyumba ikawa sehemu ya chuo. Mwaka 1985 ilitoka filamu ya Kimarekani iliyotokana na kitabu chake, wageni wakaanza kuja kuulizia nyumba, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaichukua na kuifungua kwa umma mwaka 1986.

Ndani nitaona nini, na je, vitu ni vya asili?

Nyumba ni ya mawe, isiyo na ghorofa ya juu, yenye vyumba vipana, paa la vigae na baraza. Baadhi ya samani ni zake kweli: alipoondoka aliziuza kwa Bibi McMillan, mjane wa mlowezi tajiri, na nyingine zikarejeshwa baadaye. Vingine ni vya kipindi hicho tu, na vipo vilivyoachwa na watengenezaji wa filamu. Muulize mwongozaji kipi ni kipi. Ni swali la haki.

Nyuma ya nyumba tazama meza iliyotengenezwa kwa jiwe la kusagia. Aliandika kwamba mawe hayo yaliletwa kutoka Bombay, na kwamba hapo ndipo alipoketi kuzungumza na wafanyakazi shughuli za shamba. Jiwe ni zito, pana, la mviringo. Simama kwanza upande wa kiti chake, kisha zunguka usimame upande wa pili, uliokuwa wa mfanyakazi aliyekuja kuomba ruhusa, kulalamikia ng'ombe au kungoja hukumu. Katika eneo zima sijui mahali pengine panapoeleza uhusiano wao wazi kuliko hapo.

Jikoni mtaje Kamante Gatura. Alianza kama mtoto mchunga mbuzi mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, kisha akawa mpishi mwenye sifa. Tofauti na wenzake wengi, masimulizi na michoro yake mwenyewe ilichapishwa mwaka 1975, na hivyo tunaye walau mtu mmoja wa upande wa pili wa jiwe aliyeweza kusema kwa sauti yake.

Nitafikaje, na malipo yakoje?

Makumbusho yako kando ya Barabara ya Karen. Matatu za namba 24 kutoka katikati ya jiji zimezoea kupita njia hiyo. Mwambie kondakta mapema akushushe langoni. Hufunguliwa kila siku, zikiwamo Jumamosi, Jumapili na sikukuu, kutoka asubuhi hadi jioni. Viingilio hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi wa Afrika Mashariki na wageni wa nje, na watoto hulipa pungufu, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo hufanywa kwa njia ya mtandao wa serikali, si kwa fedha taslimu, nawe hakikisha viwango vya siku hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Saa moja na nusu inatosha kwa nyumba na bustani. Mwenye maswali mengi atenge nusu siku.

Je, mwongozaji atazungumza Kiswahili?

Omba tu. Waongozaji wanakijua vizuri, lakini kwa kuwa wageni wengi hutoka nje, maelezo huanza kwa Kiingereza wasipoombwa. Nashauri uombe, kwa sababu mazungumzo hubadilika: maswali ya kodi, kipande na skwota hujitokeza yenyewe mahali ambapo kwa Kiingereza mazungumzo hurudi kwenye mapenzi ya mwenye nyumba na rubani Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi mwaka 1931 na kuzikwa katika Milima ya Ngong.

Ninaleta wanafunzi. Niwaandaeje?

Wafundishe kabla ya safari sheria za mwaka 1902, 1915 na 1918, walau kwa ufupi, na wape kila kikundi mtu mmoja wa kumfuatilia: mpishi, mchumaji, mwenye gari la maksai, msimamizi Msomali, skwota mzee. Wakiwa ndani ya nyumba watafute alama ya mtu huyo. Wengi hawataiona, na kutoiona huko waandike kama matokeo ya utafiti wao. Wanafunzi waliobaki na wazee nyumbani waulize pia kama kuna aliyewahi kuona kipande. Katika familia nyingi za Kiambu, Murang'a na Nyeri kumbukumbu hiyo ipo, na mara nyingine kijaluba chenyewe kipo.

Kutembelea mahali kama hapa si kumtukuza mkoloni?

Inategemea unakwenda kutafuta nini. Sikubaliani na wanaotaka nyumba za namna hii zibomolewe, kwa sababu tukiiondoa nyumba tutabaki na kitabu na filamu peke yake, na vyote viwili vinasimuliwa kutoka barazani. Nyumba yenyewe inaweza kuulizwa maswali. Hata hivyo nakubaliana kabisa na wanaosema kwamba maelezo yaliyopo bado yanampa mwenye shamba nafasi kubwa mno, na kwamba majina ya waliolilima yanastahili ukuta wao. Mgeni anayeona hivyo aandike katika kitabu cha wageni.

Nikitaka kuendelea kujifunza, niende wapi?

Jijini Nairobi, Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, inahusiana na watu wale wale wa tabaka la walowezi, na Nyaraka za Taifa zilizoko Barabara ya Moi zina majalada ya serikali ya kikoloni kuhusu ardhi na kazi. Soma humo ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter kati ya mwaka 1932 na 1934: wazee wa Kikuyu walifika mbele ya tume wakataja mito, miti na makaburi ya mipaka yao, ukoo kwa ukoo, na maneno yao yakaandikwa.

Anayeweza kusafiri zaidi na avuke hadi Unguja, aone mashamba ya viungo ya Kizimbani, ambako historia ya mikarafuu ni historia ya utumwa wenyewe, au apande Amani, katika Milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902 na miti waliyoipanda kwa majaribio bado imesimama.